Maji ya Siku ya Nane

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Mimi nikisema "Nina mzigo," nyinyi semeni "Utue."

Nina mzigo!

Hiyo ndiyo sauti ya watu waliokula? Haya, nautua hivyo hivyo, maana nimechoka kuubeba. Humu hamna sungura wala fisi. Hamna mfalme, hamna binti wa kuozwa. Kuna kuku, kuna matikiti, na kuna watu watatu waliochoka.

Watu hao walikaa ua mmoja katika kijiji cha Kwesengo, chini ya milima ya Upare, pale ambapo mvua hupita juu kama mgeni mwenye haraka. Wa kwanza aliitwa Nakijwa, mjane mwenye watoto watatu. Wa pili aliitwa Elinaza, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Nakijwa. Wa tatu aliitwa Navoneiwa, dada mdogo wa ndugu hao wawili, aliyerudi nyumbani kutoka kwa mume akiwa na begi moja na jino moja pungufu. Hakuulizwa kilichomrudisha. Jino lilikuwa limeshajibu.

Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Nakijwa alijua kuku. Wengine wanafuga kuku. Yeye alikuwa anawajua. Jioni wakipanda kulala alisimama mlangoni mwa banda akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Yule wa shingo tupu kasinzia kabla ya wenzake. Kesho ataumwa." Na kesho yake kuku anaumwa kweli.

Elinaza alijua kurudia. Hicho nacho ni kipaji, msicheke. Wapo watu wanaofanya jambo mara moja likapendeza, mara ya tano wanatafuta sababu. Elinaza alikuwa na mguu uliovunjika kwenye mashamba ya mkonge ukaungwa kombo, lakini aliweza kufanya jambo lile lile kila asubuhi, miezi na miezi, bila kumtangazia mtu.

Navoneiwa alikuwa na vidole. Angeweza kumtoa funza mtoto aliyelala, na mtoto asigeuke.

Sasa shida yao. Kwesengo hulimi kwa mvua, unalima kwa mfereji. Maji yanashuka kutoka bwawa la mlimani, na kila mwenye zamu anafunguliwa mara moja kwa siku nane, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mwenye zamu anakula. Asiye na zamu anabeba ndoo, na sijamwona bado mtu aliyekuza tikiti kwa ndoo akabaki na shingo yake. Ua huu haukuwa na zamu hata moja. Baba yao alihamia kijijini akitoka kwenye mkonge, akakuta maji yameshagawiwa, akapewa ardhi tu. Basi kila mmoja wa hawa watatu alikuwa na kipande chake, Nakijwa kwenye changarawe, Elinaza kwenye mawe, Navoneiwa kule mwisho karibu na miiba, na vipande vyote vitatu vilikuwa vinatazama mfereji kama mbwa anavyotazama mtu anayekula.

Mwaka huo mzee mmoja alihama akaenda kukaa kwa mwanawe mjini. Zamu yake ikabaki wazi.

Mwenyekiti wa mfereji aliitwa Kisaka, mtu aliyesikiliza kesi za maji miaka kumi na tisa hadi masikio yakaota sugu. Akatangaza masharti. Kamati ina kipande chake kando ya mfereji, hatua thelathini kwa ishirini. Atakayekilima chote, kwa maji ya zamu hiyo hiyo iliyo wazi, akaivisha matikiti bila kunyunyiza sumu hata tone moja, zamu ni yake. Kwa nini bila sumu? Kwa sababu maji yakitoka hapo yanaangukia dimbwi wanalokunywa watu wa bondeni, na mwaka uliotangulia ndama wawili walikunywa humo hawakufika nyumbani.

"Na sharti la pili," akasema Kisaka. "Zamu moja, jina moja. Niliwahi kuandika majina mawili. Nikaja kuitwa kuamua ugomvi wa mapanga."

Watu wakacheka. "Tikiti bila dawa? Bora upande mawe, mwenyekiti. Mawe hayana wadudu!"

Wale watatu hawakucheka, maana hawakuwa na kingine. Peke yake kila mmoja alikuwa hawezi. Wakakaa jikoni kwa Nakijwa wakakubaliana kuungana.

"Na hilo jina moja?" akauliza Nakijwa.

"Tutajua tukivuna," akasema Elinaza.

"Kwanza tuvune," akasema Navoneiwa.

Hapo ndipo walipokosea, na mimi siwaonei huruma. Watu wanaosema tutajua mbele, mbele ndiko wanakokutana na ujinga wao umeketi unawasubiri.

Sikilizeni sasa kazi, maana kesi itakayokuja ni ya kazi hiyo.

Udongo wa kile kipande ulikuwa umekufa. Ukiuchota unapita vidoleni kama majivu baridi. Nakijwa akasema kuku waingie kwanza, wakae, wachakure, wadonoe mabuu ya wadudu yaliyojificha chini, waache mbolea. Alikuwa na kuku kumi na saba na jogoo. Kipupwe hicho kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kikapita kijijini kikafagia. Asubuhi ukiamka unasikia kimya, unajua kwa jirani wamekwisha. Nakijwa kila miezi mitatu alikuwa anatembea kwa miguu hadi kwa bwana mifugo, anarudi na chanjo ndani ya kibuyu kilichofungwa kitambaa chenye maji, jua lisiiguse, anamshika kuku mmoja mmoja na kumtonea jichoni. Watu walikuwa wanamcheka: "Nakijwa anawapaka kuku wanja!" Kideri kilipoondoka, kuku waliobaki Kwesengo walikuwa wa Nakijwa. Wacheshi wakaja kuomba mayai ya kuatamishia. Aliwapa, lakini aliwataka kwanza waseme neno wanja.

Elinaza akatengeneza kizimba. Alikata miti ya mkonge iliyokauka, ile mirefu inayobaki mmea ukishatoa maua, kwa sababu ni mirefu kama boriti na mepesi kama bua. Kizimba hatua nne kwa mbili, juu matete, chini hakina sakafu, kuku wanakanyaga ardhi yenyewe. Kila asubuhi lazima kisogee mahali papya. Kikikaa siku mbili tatu pale pale, mbolea inazidi, inaunguza, na kuku wanaanza kudonoana. Basi kila alfajiri Elinaza alikuwa anaburuta ncha hii, anazunguka na ule mguu wake, anaburuta ncha ile, kuku wakitembea ndani kama abiria. Hatua nne kwa mbili, ndani ya hatua thelathini kwa ishirini. Mwenye hesabu apige. Ni asubuhi sabini na tano. Alipata homa katikati. Asubuhi tatu aliburuta huku anatetemeka, na mara moja alitapika, akasogeza kizimba kikafunika matapishi, kuku wakamaliza. Hakusema. Alionekana tu.

Walipopumzisha ardhi na kupanda, kizimba kikawekwa kando ya shamba, ikawa zamu ya vidole. Mbegu zilikuwa za Navoneiwa, alizibeba kutoka kwa mume kwenye lile begi moja, zimechanganywa na majivu. Hakubeba sufuria wala kitenge cha pili, alibeba mbegu. Zikaota. Zikatambaa. Yakatoka maua mazuri, na yakaanguka yote. Unajua kwa nini? Nyuki hawapo. Wakulima wa nyanya na vitunguu wa pande zote walikuwa wameshawamaliza kwa bomba la dawa. Navoneiwa akaamka kabla ya jua, akachuma ua dume, akalivua petali, akaenda kwa ua jike, lile lenye kitikiti kidogo tumboni, akaligusa taratibu. Kisha lingine. Kisha lingine. Ua la tikiti linafunguka asubuhi moja tu, ukichelewa limeshakata tamaa. Majuma manne aliinama hivyo. Matunda yaliposhika, akayavika moja moja mfuko wa majani makavu ya mgomba, inzi wasitage. Yaliyokwisha kuchomwa na inzi aliyachuma akawatupia kuku, wayale pamoja na funza waliomo, uzao ukatike.

Na kuku nao, mashina yalipokuwa bado hayajashika matunda, Nakijwa alikuwa anawafungulia asubuhi, muda wa kuchemsha chai tu, wawadonoe wadudu wekundu wanaotoboa majani, yeye amesimama na kijiti. Kisha ndani. Kuku mia hawana adabu ya mtoto mmoja, lakini wale kumi na saba walikuwa wanarudi wakiitwa.

Sasa msidhani mambo yalinyooka.

Zimebaki siku kumi na mbili kuvuna, joto limekaza. Nakijwa akawahurumia kuku wake. Akaenda gulioni, akaokota maganda ya matikiti waliyotupa wanunuzi, mekundu bado, akawapa. Kuku wakala wakafumba macho. Kumbe anawafundisha utamu wa tikiti. Siku ya tatu, mchana, yule kuku wa shingo tupu akasukuma mti mmoja wa kizimba uliooza, mti ambao Elinaza alikuwa ameuona juma zima anasema nitaubadilisha. Akatoka, wenzake nyuma. Na zamu ya kulinda ilikuwa ya Navoneiwa. Navoneiwa alikuwa amelala kivulini, mdomo wazi, vidole bado vimeshika majani ya mgomba.

Matikiti kumi na manne yakadonolewa hadi moyoni.

Kelele zilizotoka hapo zilifika barabarani.

"Kuku wako, wifi! Umewalisha tikiti kwa mkono wako mwenyewe! Ungewapa na kijiko basi!"

"Na wewe mlinzi? Ulikuwa unawalinda kwa kukoroma?"

"Mimi naamka saa kumi alfajiri!"

"Na mimi nakesha na watoto! Shemeji, mbona kimya? Huo mti ulioza jana?"

Elinaza akautazama mti mkononi. "Juma lililopita," akasema.

Angalau huyo hakusema uongo. Lakini mnaona? Hata kosa waligawana sawasawa. Angepatikana mmoja mwenye hatia, hadithi yangu ingekuwa fupi na mimi ningekwenda kulala.

Siku ya kuvuna kamati ilikuja, watu watano wenye sura za kutoamini. Wakapinda majani kutafuta harufu ya dawa, wakaonja udongo kwa ncha ya ulimi, mmoja akaenda hadi kukagua nyumba kama kuna bomba la kunyunyizia. Hakuna. Kisaka akapasua tikiti. Jekundu hadi ganda. Wakala wamesimama, maji yanachuruzika viwikoni, hakuna aliyesema neno hadi la tatu. Kisha mmoja akasema, "Hili la nne tulipasue kwa uhakika." Uhakika wa tumbo huo.

"Mmeshinda," akasema Kisaka. "Alfajiri ya siku ya nane njooni langoni mwa mfereji. Mje na jina."

Siku saba walikaa ua mmoja hawasemeshani. Alfajiri ya nane wakafika langoni wakiwa watatu, na majina matatu. Kisaka alikuwa amekaa juu ya jiwe, daftari gotini, kalamu sikioni. Alikuwa ameamka vibaya.

"Semeni mmoja mmoja, kwa kifupi. Maji yana saa zake."

Nakijwa akasema, "Ardhi ile ilikuwa maiti. Kilichoifufua kilitoka kwenye kuku wangu, kuku waliobaki hai kwa sababu yangu. Bila kuku, huyu angeburuta kizimba kitupu, na huyu angepanda kwenye majivu. Nina watoto watatu. Nikikosa maji nitachinja kuku mmoja mmoja hadi waishe, kisha nipande mlimani kwa kaka yangu, ambako mkewe anahesabu vijiko kila tukila."

Elinaza akasema, "Kuku wamekuwa uani miaka yote, na vipande vyetu vimekufa miaka yote. Kuku akikaa pamoja anaua ardhi, akisogea anaiponya. Mimi ndiye niliyewasogeza. Nikikosa maji narudi kukata mkonge. Kwa mguu huu." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Navoneiwa akasema, "Sharti lilikuwa tikiti, siyo mbolea. Mbegu zangu. Maua yangu, moja moja. Bila mimi wangekuwa na majani mazuri sana ya kutazama. Mume wangu ameshatuma mjumbe mara mbili. Akija wa tatu, wazee watasema mwanamke asiye na shamba lake, shamba lake liko kwa mume. Nina meno mengine, mwenyekiti, na ningependa nizeeke nayo."

Kisaka akajikuna kidevu. "Gaweni."

"Zamu ya nusu siku ukiigawa tatu," akasema Nakijwa, "maji yananyweka njiani. Hayafiki kwa yeyote. Unajua."

Alikuwa anajua. "Basi pokezaneni. Leo huyu, zamu ijayo yule."

"Siku ishirini na nne tikiti halijanywa?" akasema Navoneiwa. "Tutavuna kamba."

"Basi jina liwe la mmoja, mlime kwake wote, kama mlivyofanya."

Wakatazamana. Nakijwa akacheka, kicheko kikavu. "Mwenyekiti, miezi sita tumepatana kwa sababu kila mmoja alikuwa anaona jina lake mwishoni. Ukiliondoa jina, umeondoa na mapatano. Mimi simlimii mtu tena. Nimechoka."

"Na mimi," akasema Navoneiwa.

Na Elinaza? Alikuwa ameketi chini, anaukanda ule mguu.

Kisaka akatoa kalamu sikioni. "Nilisema jina moja mkanisikia. Sasa nisikilizeni mara ya mwisho. Kila mtu anitajie nani apewe, na asijitaje mwenyewe. Jina likitajwa mara mbili, naandika, narudi kunywa uji."

Nakijwa ndiye aliyeanza.

"Mpe shemeji. Nimechoka kumwona anainuka na ule mguu."

Elinaza akasema, "Mpe Navo. Yule mtu asimpate tena."

Ikabaki kwa Navoneiwa. Angeweza kusema jina la kaka yake, yakawa mawili, kesi ikaisha. Angeweza, lakini akasema, "Mpe wifi. Watoto hawajamkosea mtu."

Moja, moja, moja. Walikuja na majina matatu kila mtu akijivutia kwake, wakabaki na majina matatu kila mtu akisukumia kwa mwenzake, na karatasi ya Kisaka bado nyeupe. Hata wema wao waligawana sawasawa.

"Nyinyi watu mtaniua," akasema Kisaka.

Na wakati wote huo, sikilizeni hapa, lango lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limeshapanda kidole juu ya milima. Maji ya zamu yao yalikuwa yanapita mbele yao, mazito, baridi, yanateremka yasiende kwa mtu, yanamwagika barabarani kwenye nyayo za ng'ombe. Kwenye changarawe, kwenye mawe, na kule kwenye miiba, udongo ulikuwa mkavu. Hata mmoja hakuinuka kuyafunga, maana atakayeyashika atakuwa ameyadai.

Kisaka ameshaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Adhuhuri ikifika, zamu isiyo na jina inarudi kwa kamati, na kuna watu kumi na wawili nyuma yao wanaoingojea.

Mimi mzigo wangu nimeutua. Mimi sijui, na anayejifanya anajua upesi hajawahi kushika jembe. Usiniambie wagawane, nimeshawaambia haigawanyiki. Usiniambie wapendane, wamependana mkaona ilivyowasaidia. Mwenye kuku waliofufua ardhi, mwenye mguu uliosogeza kizimba asubuhi sabini na tano, mwenye vidole vilivyoamsha maua. Maji yanapita. Kalamu nakupa wewe, na karatasi ina nafasi ya jina moja tu.

Haya. Unaandika la nani? Na wale wawili utawatazama usoni ukiwaambia nini?